Jaribio la Kumi na Mbili

Mwalimu wa Michoro alikuwa na tabia ya kufinya macho akikutazama, na wasiomjua walidhani anawadharau. Siku niliyoripoti pale shuleni, kwenye miinuko ya juu ya Gare, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kazi mkononi, nilimwamkia mara mbili nikidhani shikamoo ya kwanza hakuisikia. Alikuwa ameisikia vizuri. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu, macho yamebaki ufa tu, akanipima kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, ndipo akaitika, "Marahaba, binti. Hilo sanduku limekumeza. Lishushe tukuone." Nilikaa wiki nzima nikijiuliza nimekosa nini.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Ukifinya macho, alisema, rangi zinakimbia, zinabaki giza na nuru, na hapo ndipo unapojua kitu kimekaaje. Basi alikifinyia macho kila kitu: kabichi shambani, mchungaji mimbarini, ng'ombe wa jirani. Kuna siku kwenye mazishi alijisahau, akafumba jicho moja na kuinua vidole vinne mbele ya uso kama fremu, akiwaelekezea wafiwa. Mkewe akamfinya ubavuni.

"Baba, watu wanakuona!"

"Lakini watazame walivyokaa," akanong'ona. "Na hakuna aliyewapanga."

Mimi ni mtu wa Muheza, wa joto na machungwa. Baridi ya kule juu ilinitia unyonge, na mwalimu mkuu akaniongezea unyonge kwa kunipa kipindi cha michoro cha darasa la tatu, mimi nisiyeweza kuchora hata chungu kikakaa wima. Ndiyo sababu nikawa namwendea Mwalimu wa Michoro kila Alhamisi baada ya vipindi anifundishe. Miezi minne ya kwanza hakunipa rangi hata tone. Alinipa kipande cha makaa ya mti wa mwati, jivu kwenye kopo, chokaa kwenye kopo lingine, na karatasi za mifuko ya saruji alizozikata kwa wembe. Makaa yalikuwa ya giza, chokaa ya nuru, jivu la vilivyo katikati. Vitu vitatu basi. Nikimwuliza rangi lini, ananijibu, "Rangi ni mgeni. Haingii nyumba haijafagiliwa."

Na kila mchoro ulianza ukiwa mdogo kama kiberiti. Hakutaka kusikia habari ya karatasi kubwa. "Picha iliyoshindwa kukaa kwenye kiberiti," alisema, "haitakaa ukutani." Nilichora viberiti hadi nikaviota. Kilima kile kile cha shule nilikichora giza likiwa chini, kisha giza likiwa juu, kisha nuru ikiwa kona ya kushoto, kisha ikiwa katikati. Akipita nyuma yangu ninasikia pumzi yake tu, nami nainua makaa kutoka karatasini, maana sikujua kamwe kama ananyamaza kwa kuridhika au kwa kukata tamaa. Alikuwa na kauli moja aliyoirudia kuliko zote: "Jicho ni mgeni, mpe mlango wa kuingilia, na usisahau wa kutokea." Alitaka katika kila picha pawe na mahali, njia au dirisha au hata uwazi kati ya miti, ambapo macho yanaweza kuponyoka. Picha isiyo na mlango wa kutokea aliiita korokoro.

Nyumbani kwake zoezi lilikuwa juu ya ungo. Mkewe akishapeta nafaka, yeye anauchukua ungo, anamimina mahindi meupe, maharage mekundu na kunde nyeusi, kila kimoja kiganja kimoja, anaanza kuvisukuma kwa kidole. Kunde ni giza, maharage ni vivuli, mahindi ni nuru. Anarundika kunde upande huu, anatawanya mahindi kule, anafinya macho, anatikisa kichwa. Kisha anaugonga ungo kwa kiganja, vyote vinachanganyika, anaanza upya. Mkewe anasimama mlangoni na sufuria.

"Mwanangu," aliwahi kuniambia, "hapa kwangu maharage hayapikwi mpaka picha iishe. Ndiyo maana sote wembamba."

Nilimpenda sana mama yule. Alikuwa dada wa Mwenyekiti wa kijiji, baba mmoja mama mbalimbali, lakini hakuwa na majivuno ya mtu mwenye ndugu mkubwa. Alinipokea kwa Kishambaa, "Onga mshi, mwanangu," akijua nusu ya lugha yake inaingia kwenye Kibondei changu, na nusu iliyobaki aliimalizia kwa chai. Sikuwahi kubisha hodi mara mbili pale kwake. Nikikuta hakuna mtu, nainua komeo, naingia, naketi, nasubiri.

Sasa nimeshamsifu mwalimu, acha niseme na mengine. Mtu huyu aliyehubiri subira alikuwa hawezi kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila siku ya Mungu na kila siku alishangaa. Aliyetukataza rangi alivaa mashati yaliyopiga kelele kuanzia Lushoto hadi Mombo. Na kwa watu alikuwa na haraka ya kutisha. Mwalimu mwenzetu mmoja alichelewa gwaride mara moja, mara moja tu, akabaki "yule mvivu" miaka yote. Rafiki yake wa tangu utoto alisingiziwa naye wizi wa panga lililopotea, likaja kuonekana limechomekwa kwenye paa la mwalimu mwenyewe, na hata hivyo hakwenda kumwomba radhi. "Angekuwa mwema," aliniambia, "nisingemshuku." Nilicheka wakati ule. Nilikuwa kijana, na hasira yake ilikuwa haijanigusa.

Pia alikuwa mwoga, na hili nalisema kwa huruma kwa sababu woga naujua. Alirudi kukagua mlango wa darasa hata mara tatu. Barua ya serikali ikija, hata kama ni ya kuulizia idadi ya madawati, aliishika kwa ncha za vidole. Woga huo ndio uliomchelewesha katika kazi. Wakongwe wa pale walisimulia kwamba mwaka wa Uhuru shule ilimwomba picha ya kupamba uwanja. Akafanya majaribio juu ya majaribio, bendera ikapanda, ngoma zikachezwa, watu wakarudi mashambani, na picha ikakauka wiki tatu baadaye. Iliwekwa stoo. Mimi niliikuta huko, na ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kikiwa stoo.

Ningekumbuka habari ile ya Uhuru, nisingelitaja jina lake kwenye kamati.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kaya zilizotawanyika kwenye migongo ya milima zilitakiwa zisogee karibu na barabara. Baadhi zilisogea kwa nyimbo, baadhi kwa kununa, na wazee wachache walikaa kwao wakajifanya viziwi. Kijiji kilijenga ofisi mpya, ukuta wake wa mbele ukapakwa chokaa, na habari ikaja kwamba baada ya wiki sita mgeni rasmi atafika kuufungua mradi wa mboga. Kamati ya mapokezi ikaundwa, mimi nikawa katibu wake kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti akataka ukutani iwepo picha ya wanakijiji wakilima pamoja. Nikanyoosha mkono, nikasema tunaye fundi wetu hapahapa. Watu wakanipigia makofi.

Wiki ya kwanza mwalimu alichora viberiti. Ya pili, viberiti. Ya tatu akahamia kwenye ungo. Kila asubuhi nikienda shuleni napita mbele ya ofisi, na kila asubuhi ukuta ni mweupe kama ulivyoachwa.  Watu wakaanza kunitania njiani: "Katibu, mgeni atakuja kutazama chokaa?" Mwenyekiti hakutania. Aliniita kando, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemsemea." Upole ule ulinikosesha raha kuliko ukali.

Nilimwendea. "Mwalimu, zimebaki wiki mbili na siku chache."

"Najua."

"Basi tuanze ukuta, hata kwa mistari tu."

"Binti, giza halijakaa mahali pake," akanijibu, na nikaona jasho kwenye paji la uso wake, kwenye baridi ile. "Nikiligusa ukutani kabla halijakaa, sitaweza kulitoa."

Siku ya kikao kilichofuata alikuwa ameshuka Lushoto kutafuta rangi. Mkewe alikuwa kwenye umoja wa akina mama kanisani. Mimi sikuwa na kitu cha kuipa kamati zaidi ya maneno, na maneno yangu yalikuwa yamekwisha. Nikapita nyumbani kwake mapema, nikainua komeo. Mezani palikuwa na majaribio mawili yaliyokamilika, kila moja ukubwa wa daftari, yameandikwa namba kwa penseli pembeni: kumi na moja, na kumi na mbili. Nikayafinyia macho yote mawili, alivyonifundisha. Lile la kumi na moja lilikuwa sawa tu. Lile la kumi na mbili sikuweza kuliweka chini. Nikalikunja ndani ya kanga, nikatoka, nikarudisha komeo.

Nilimkabidhi Mwenyekiti mkononi kabla wengine hawajafika. Nikamwomba asiseme nani kalileta, maana nimelichukua bila ruhusa. Akacheka. "Ya kamati hubaki kwenye kamati," akasema. Alikuwa mtu wa ahadi yule.

Nikueleze lilivyokuwa. Mbele, safu ya watu wakiinama na majembe, wote wamo kwenye giza moja zito la makaa, bega likiingia kwenye bega hadi huwezi kusema huyu anaishia wapi. Katikati yao kofia ya pama. Kila mtu alijua pama ile ni ya Mwenyekiti. Nyuma yao jivu la kilima. Na nuru yote, chokaa safi isiyoguswa, imemwangukia bibi mmoja mdogo upande wa juu kulia, amebeba kuni, ametupa mgongo, anapanda njia ya mlimani.

Mwenyekiti aliliweka mezani kwa furaha, watu wakasogea.  Katibu wa tawi la chama, kijana makini aliyeletwa kwetu mwaka ule, aliligeuza likamwelekea.

"Ndugu zangu," akasema, "mbona Ndugu Mwenyekiti yuko gizani?"

Akaweka kidole juu ya pama.

"Wanaolima pamoja wote wako gizani. Mwenye nuru ni huyu bibi. Na bibi anakwenda wapi? Anapanda. Anakihama kijiji." Akanitazama mimi. "Mwalimu, wewe unajifunza kwake. Hii maana yake ni nini?"

Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote chumbani mle. Ningeweza kusema: ndugu, hii siyo picha, ni jaribio, giza hili ni la kuwaunganisha watu wawe kitu kimoja, na bibi ni mlango wa macho kutokea. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kila Alhamisi kwa mwaka mzima. Lakini yule kijana alikuwa na kalamu mkononi, na mimi nilikuwa na kazi ya miaka miwili tu na mama mjane Muheza anayenitegemea.

"Sijui, ndugu," nikasema.

Mwalimu wa Michoro aliitwa kesho yake. Aliingia na shati lake la maua, akaliona jaribio mezani, akabadilika rangi. Hakuuliza kwanza wanasemaje. Alimgeukia shemeji yake.

"Nani kakupa hii?"

"Imetoka nyumbani kwako, shemeji," akajibu Mwenyekiti.

Na lilikuwa jibu la kweli. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari la kumbukumbu za kikao, nikashusha pumzi. Nasema ukweli wangu: nilishukuru. Sikujiuliza maneno yale yataangukia kwa nani. Mwalimu alijaribu kueleza habari ya giza na nuru, akagugumia, akaishia kusema ni zoezi tu, na kila aliposema zoezi katibu wa tawi aliandika. Hakuna aliyemtukana wala kumgusa. Aliambiwa tu kwamba ukuta utapewa mtu mwingine.

Fundi wa vibao aliletwa kutoka Korogwe, akamaliza kwa siku nne. Watu wote wa pichani walicheka meno nje, na Mwenyekiti alikuwa mkubwa kuliko trekta. Siku ya mgeni ukungu uliteremka tangu alfajiri, ukaziba ofisi nzima, na mgeni alihutubia bila kuujua ukuta uko upande gani. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka.

Muhula haujaisha, mwalimu alipata barua ya uhamisho, shule ya chini kabisa, nyika za kuelekea Handeni. Inawezekana haikuhusiana; walimu wengi walihamishwa miaka ile. Mimi sikuamini hivyo, wala yeye. Alhamisi zake zilikoma bila kuagana. Nilipokwenda kusaidia kufunga mizigo, nilimkuta mkewe peke yake anafunga vyombo, macho yamevimba, na mumewe anafunga vitabu chumba kingine, mlango kati yao umefungwa. Mama aliniambia kaka yake si ndugu yake tena, na maisha hatakanyaga kwake. Nikadhani ni uchungu wa safari. Nilikuwa nimekwenda kusema kilichotokea. Nikabeba ndoo, nikabeba mikeka, nikapakia ungo kwenye lori, nikasema safari njema.

Kwa miaka mingi niliishi na imani moja iliyonikondesha: kwamba alijua. Kwamba siku ile, aliponitazama kabla ya kutoka ofisini na macho yake ya ufa, alikwishaniona mpaka ndani. Nikisikia mtu katoka nyika za Handeni naogopa kuuliza habari. Nilihamia Muheza, nikaolewa, nikafundisha michoro kwa makaa na majivu na sikuwaambia wanafunzi nilijifunza kwa nani. Hata nikiwa mtu mzima, nikipita mbele ya ukuta uliopakwa chokaa karibuni, naongeza mwendo.

Nilipopata habari kwamba amestaafu, amerudi kwao, na mkewe amefariki, nilijiambia sasa au basi. Nikapanda Lushoto, nikalala kwa rafiki, asubuhi nikatembea hadi kwake. Alikuwa ameketi kibarazani anamenya peasi kwa kisu kidogo. Amekonda, shati bado la maua. Nilipiga magoti kidogo nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akafinya macho. "Ni binti wa viberiti."

Alinikatia peasi. Aliniuliza watoto, akaniuliza kama joto la Muheza bado linaharibu karatasi. Alikuwa mchangamfu kiasi kwamba nikazidi kuogopa. Nikampa pole ya msiba, akaipokea kwa kuinamisha kichwa. Kisha nikamwambia nimekuja na neno, na nikalisema lote kwa pumzi moja, komeo, meza, kanga, Mwenyekiti, mpaka lile "sijui" langu. Nikamaliza kwa kusema, "Najua ulijua, mwalimu. Lakini ilinipasa niseme."

Kisu kilisimama kwenye peasi.

"Wewe?" akasema.

Nikakiweka chini kipande changu cha peasi.

"Wewe ndiye uliyelichukua?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alikiweka kisu chini polepole. Alitazama bonde, macho wazi kabisa, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Kaka wa mke wangu alisema limetoka nyumbani kwangu," akasema. "Nyumbani kwangu tulikuwa wawili. Nilimwuliza usiku ule, akasema siye. Nikamwambia mwongo. Alikuwa amechoka na majaribio yangu, alikuwa dada wa yule bwana, vyote vilikaa mahali pake. Majaribio kumi na mawili kwa ajili ya ukuta, binti. Kwa mke wangu nilifanya moja tu." Alifuta kiganja kwenye shati. "Nyika kule tumekaa miaka, tumerudi hapa, ameugua, nimemnywesha uji kwa mkono huu. Akaniambia tena siye. Nikamwambia nyamaza, upumzike."

Nilianza kulia, nikasema nisamehe, nikasema mengi.  Aliinuka, akashika nguzo ya kibaraza, akaniashiria nimfuate. Tulizunguka nyumba, tukapita migomba, hadi penye kaburi la saruji lililopandwa maua kandokando. Alisimama hatua chache nyuma, hakutaka kusogea.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi hataniamini."

Nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Nikamwamkia shikamoo, nikangoja kidogo, kisha nikamwambia kuwa ni mimi.